Matokeo Yametoka: Historia Fupi ya Kusubiri Bahati, kutoka Yaeda Chini hadi Katesh

"Matokeo yametoka." Ni maneno mawili tu, lakini Mtanzania akiyasikia moyo unabadilisha mwendo. Yanaweza kuwa matokeo ya kidato cha nne, ya mechi ya jana usiku, au ya bahati nasibu. Hali ni ileile: jibu lipo tayari, limeshaamuliwa, halibadiliki. Wewe tu ndiye hujalijua. Na katika ule muda kati ya "limeshaamuliwa" na "nimeshajua", mwili unafanya vituko: viganja vinatoka jasho, pumzi inakuwa fupi, kidole kinasita kufungua meseji.

Leo tuuangalie muda huo kama kitu chenye historia. Tutakaa katika wilaya mbili za Mkoa wa Manyara, Mbulu na Hanang, kwa sababu hapo unaweza kuona namna tatu tofauti za kucheza bahati na kusubiri jibu. Swali langu ni moja: kama msisimko ni uleule, kwa nini namna moja inaacha watu salama kiasi na nyingine inamaliza hela ya mbegu?

Jibu ninalolileta, kwa kifupi, ni breki. Michezo ya zamani ilikuwa na breki zake, hata kama hakuna aliyeziita hivyo. Mchezo wa leo umekuja bila hizo.

Mchezo wa kwanza: mti, magome na mishale

Ukiteremka kutoka milima ya Mbulu kuelekea magharibi unafika Bonde la Yaeda, upande wa Ziwa Eyasi. Hapo wanaishi Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa matunda, mizizi na asali. Mwanaanthropolojia Mwingereza James Woodburn alianza kufanya utafiti kati yao mwishoni mwa miaka ya 1950, na moja ya mambo aliyoyaandika ni kamari. Aliona kwamba wakati wa kiangazi, watu wanapokusanyika kwenye kambi kubwa, wanaume walitumia muda mwingi zaidi kucheza kamari kuliko kutafuta chakula.

Mchezo wenyewe unaitwa lukuchuko. Vifaa vyake ni vipande vya duara vya magome ya mti: kila mchezaji ana chake, na kuna kimoja kikubwa cha wote. Vinarushwa kwenye shina la mti, vinaanguka chini, watu wanainama kuangalia upande gani umekaa juu. Kipande chako kinalinganishwa na kile kikubwa. Basi. Hakuna karatasi wala redio, na kusubiri kwenyewe ni kwa sekunde chache, huku kambi nzima ikiwa shahidi.

Sasa angalia dau. Watu waliweka mishale ya sumu yenye vichwa vya chuma, visu, shoka, shanga, nguo, viko vya kuvutia tumbaku. Lakini kulikuwa na vitu visivyowekwa kabisa: upinde wa mtu, mishale yake ya kawaida isiyo na sumu, na mkoba wake wa ngozi. Yaani hata ukipigwa vibaya kiasi gani, kesho asubuhi unaweza kutoka ukawinda ndege au mnyama mdogo ukala.

Na kuna jambo la pili. Mshale uliopotea haukutoka nje ya kambi. Ulihamia kwa jirani, na jirani aliyeshinda sana alibanwa na wenzake aendelee kucheza mpaka na yeye apoteze. Woodburn aliiona kamari hiyo kama mojawapo ya njia za jamii hiyo kuzuia mtu mmoja asirundike mali. Kitu kinachopatikana upande mmoja tu wa nchi yao kiliweza kuwafikia watu wa upande mwingine kupitia mchezo huo.

Sitaki kuifanya lukuchuko ionekane pepo. Mwanaume aliweza kupoteza mishale yake yote ya sumu na kubaki hana cha kumwangushia mnyama mkubwa. Lakini breki zilikuwepo, na zilikuwa wazi: kuna kisichowekwa dau, na kilichopotea kinabaki nyumbani.

Kwa nini tunainama kuangalia

Kabla ya kuendelea na historia, tuingie kidogo maabara, maana bila hapo hatutaelewa kwa nini mzee wa Yaeda na kijana wa Katesh wanainama vilevile, mmoja kwenye gome na mwingine kwenye simu.

Miaka ya 1990, Wolfram Schultz na wenzake, akiwa Chuo Kikuu cha Fribourg nchini Uswisi, walirekodi seli za ubongo wa nyani zinazotoa kemikali iitwayo dopamini. Nyani alipopewa juisi bila kutarajia, seli zililipuka kwa shughuli. Baadaye nyani alijifunza kwamba taa ikiwaka, juisi inakuja. Hapo jambo la ajabu likatokea: seli zikaanza kulipuka kwenye taa, na juisi yenyewe ilipokuja zikatulia. Na taa ikiwaka halafu juisi isije, shughuli yao ilishuka chini ya kawaida. Kumbe seli hizi hazihesabu raha. Zinahesabu tofauti kati ya ulichotarajia na ulichopata.

Mwaka 2003 Schultz, pamoja na Christopher Fiorillo na Philippe Tobler, waliongeza kipande kingine. Walibadilisha uwezekano wa juisi kuja: wakati mwingine hakika, wakati mwingine nusu kwa nusu, wakati mwingine haiji kabisa. Katika ule muda wa kusubiri, kati ya ishara na jibu, shughuli ya baadhi ya seli ilipanda taratibu, na ilipanda juu zaidi pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Yaani hali ya kutojua ina moto wake, hata kabla hujapewa chochote.

Nyuma zaidi, mwaka 1957, Charles Ferster na B. F. Skinner walichapisha kazi kubwa kuhusu wanyama, hasa njiwa, wanaodonoa kitufe kupata chakula. Njiwa aliyepewa chakula baada ya kudonoa mara zisizotabirika, leo mara 5, sasa hivi mara 60, alidonoa kwa kasi na bila kupumzika. Na chakula kilipositishwa kabisa, aliendelea kudonoa kwa muda mrefu. Kila anayesema "safari hii nahisi inatoka" anafanana kidogo na njiwa huyo, na siyo tusi, ndivyo ubongo ulivyoundwa. Mazingira ya mababu zetu yalikuwa hivyo hivyo: mara nyingi mzinga hauna asali, lakini anayeacha kuangalia mizinga hatapata asali kamwe.

Mchezo wa pili: namba zinazopanda mlima

Turudi kwenye historia. Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, Tanzania ilitunga sheria ya kusimamia bahati nasibu na ubashiri. Mwaka 1974 ikaja Sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa. Fikiria kidogo: nchi iliyokuwa ikihubiri kazi na kujitegemea, katikati ya Operesheni Vijiji, inaanzisha bahati nasibu ya taifa. Inashangaza, lakini mantiki yake inaeleweka. Kama watu watacheza tu, basi hela iende kwa umma badala ya kwenda kwa mfanyabiashara. Ukiangalia vizuri, ni wazo la lukuchuko lililopanuliwa hadi ukubwa wa nchi: kilichopotea kibaki nyumbani.

Lakini kwa mtu wa Mbulu au Hanang, breki kubwa ya mchezo huo haikuwa sheria. Ilikuwa jiografia. Televisheni Tanzania Bara haikuwepo mpaka mwaka 1994. Redio ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na ili kuisikia ulihitaji betri. Magazeti yalichapwa Dar es Salaam, yakasafiri kwenda kaskazini, halafu yapande ukingo wa Bonde la Ufa kwa barabara za vumbi ambazo mvua ikinyesha zinakuwa utelezi. Namba iliyotoka Dar leo, mtu wa Dongobesh au Basotu angeijua baada ya siku kadhaa. Ukiipoteza tiketi katikati, ndiyo basi tena.

Je, siku hizo zote za kusubiri zilikuwa hasara? Saikolojia inasema si lazima. Mwaka 1987 mchumi George Loewenstein aliwauliza watu wangelipa kiasi gani kupata busu la nyota wa filamu wanayempenda: sasa hivi, baada ya siku 3, au baadaye zaidi. Wengi walithamini zaidi busu la baada ya siku 3 kuliko la papo hapo. Walitaka muda wa kulifikiria. Kusubiri kitu kizuri ni sehemu ya utamu wake.

Tiketi ambayo haijaangaliwa iko hivyo. Imelipiwa mara moja, lakini inakupa wiki nzima ya kujenga nyumba ya bati kichwani, kununua ng'ombe, kumsomesha mtoto. Ndiyo maana kuna watu wanaochelewesha kuangalia kwa makusudi. Mwaka 2009 Loewenstein na wenzake Niklas Karlsson na Duane Seppi walionyesha tabia inayofanana kwa wawekezaji: soko likishuka, wanapunguza kufungua akaunti zao kuangalia. Mtu anajilinda na habari mbaya kwa kutoitafuta. Tiketi iliyokunjwa ndani ya kurasa za daftari inafanya kazi hiyo hiyo: mpaka uifungue, bado hujashindwa.

Kwa hiyo umbali ulifanya mambo mawili kwa pamoja. Ulirefusha ndoto, na ukapunguza idadi ya mara ambazo mtu angeweza kucheza. Raha ilikuwa nyingi, matumizi yalikuwa machache.

Mchezo wa tatu: saa moja, namba mpya

Halafu umbali ukaisha. Mwaka 2003 sheria za zamani zilifutwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Mwaka 2008 Vodacom ikaleta M-Pesa Tanzania. Pesa ikajifunza kusafiri kwa meseji, na pale pesa inapopita, dau nalo hupita. Mwaka 2017 Biko na Tatu Mzuka zikaingia sokoni: unacheza kwa simu ya kitochi, popote penye mtandao, na Tatu Mzuka ilikuwa na droo kila saa. Mikeka ya mpira nayo ilikuwa imeshashika kasi. Mwaka 2025 Bahati Nasibu ya Taifa yenyewe ilizinduliwa upya chini ya kampuni ya ITHUBA Tanzania, nayo inachezwa kwa simu.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo penyewe. Chukua mchezo wa mfano: unachagua tarakimu 3, kuanzia 000 hadi 999, dau ni shilingi 500, na ukipata zote kwa mpangilio wake unalipwa mara 200. Namba zinazowezekana ni 1,000. Ukinunua zote unatoa 500,000 na unarudishiwa 100,000. Tukihesabu zawadi hiyo peke yake, kila shilingi 500 inarudi kama shilingi 100. Kwenye lukuchuko mishale yote inabaki kambini. Hapa, katika kila mishale mitano, minne inaondoka.

Sasa leta muda. Kama droo ni moja kwa wiki, mtu anahitaji zaidi ya miaka 19 kucheza mara 1,000. Kama droo ni kila saa, naye anacheza mara 10 kwa siku, anazimaliza mara hizo 1,000 ndani ya siku 100. Uwezekano wa kila tiketi ni uleule, zawadi ni ileile. Lakini laki tano ambayo ingesambaa kwa miaka 19 imeondoka kati ya kupanda maharage na kuyavuna. Na hata baada ya kucheza mara 1,000, uwezekano kwamba hujashinda hata mara moja ni kama asilimia 37.

Mkulima wa vitunguu saumu wa Bashay anajua kubahatisha vizuri kuliko sisi wa vyuoni. Bei inaweza kupanda au kuanguka, mvua inaweza kuchelewa. Lakini bahati yake humjia kwa misimu, na katikati ana palizi. Njiwa wa Skinner hakuwa na palizi, wala mwenye simu hana.

"Nilikaribia kabisa!"

Kuna kitu kingine ambacho kasi imekizidisha. Kwenye mchezo wetu wa tarakimu 3, katika kila namba 1,000 kuna 1 inayoshinda, 27 zenye tarakimu mbili sahihi, 243 zenye moja sahihi, na 729 ambazo hazijagusa popote. Yaani utakosa kwa tarakimu moja mara 27 kwa kila mara moja utakayoshinda. Anayecheza mara 10 kwa siku atasema "nilikaribia kabisa" takriban kila baada ya siku 4.

Mkeka ni hivyohivyo. Weka timu 10, tuseme kila moja ina nafasi nusu kwa nusu. Uwezekano wa zote kutiki ni 1 kati ya 1,024. Uwezekano wa kuchaniwa na timu moja tu ni 10 kati ya 1,024. Hadithi za "timu moja tu ndiyo imenichania mkeka" ni nyingi kijiweni kwa sababu hesabu inataka ziwe nyingi, siyo kwa sababu ushindi uko karibu.

Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake, Chuo Kikuu cha Cambridge, waliwapima watu ubongo wakicheza mashine ya kamari. Kukosa kidogo kuliamsha baadhi ya maeneo yaleyale yanayoamshwa na kushinda. Washiriki walisema kukosa kidogo kunaudhi kuliko kukosa kabisa, na hapohapo kunawafanya watake kucheza tena, hasa walipokuwa wamechagua wenyewe. Kwenye mpira au mtihani hisia hiyo ina maana: aliyegonga mwamba leo anaweza kufunga kesho, aliyepata 38 anaweza kupata 45 akisoma. Kwenye namba za kubahatisha haina maana yoyote. 472 haiko karibu na 473. Droo ijayo haikumbuki.

Na hilo la kuchagua mwenyewe lina historia yake. Mwaka 1975 Ellen Langer alitoa matokeo ya jaribio ambapo wafanyakazi wa ofisi waliuziwa tiketi za bahati nasibu kwa dola 1. Wengine walichagua tiketi, wengine walipewa tu. Baadaye wakaulizwa wangeiuza kwa bei gani. Waliopewa walitaka wastani wa dola 1.96. Waliochagua walitaka dola 8.67. Mkono wako ukigusa bahati, unaona kama umeiongoza. Tarehe ya kuzaliwa ya mama haiwi namba bora kwa sababu ni ya mama, lakini ni ngumu sana kuiacha.

Breki za kujitengenezea

Tukiziweka pamoja, historia inasema hivi. Yaeda Chini mchezo ulikuwa wa kasi, lakini kulikuwa na upinde usiowekwa dau, wenzako wanaokuona, na mali isiyotoka kambini. Enzi za gazeti na redio, mali ilitoka, lakini mlima ulikupunguzia kasi. Kwenye simu kasi imerudi, upinde hautajwi, wenzako hawakuoni, na mali inaondoka. Msisimko wa kuangalia matokeo haujabadilika hata kidogo. Kilichoondoka ni kile kilichokuwa kimeuzunguka.

Ndiyo maana "acha tamaa" ni ushauri dhaifu. Tamaa siyo jambo jipya. Ushauri wenye msingi wa kisayansi ni kurudisha breki kwa mkono. Mosi, taja upinde wako kabla hujacheza, kwa sauti na mbele ya mtu: hela ya mbegu, ada, kodi ya chumba, boom. Hivyo haviwekwi, hata ukiota namba. Pili, rudisha mlima: cheza siku moja kwa wiki na angalia matokeo mara moja. Utapata ndoto ileile ya wiki nzima kwa bei ya tiketi moja. Tatu, rudisha mashahidi. Andika kila dau kwenye daftari ambalo mwenzako anaweza kulifungua, maana kichwa kinahifadhi ushindi na zile mara 27 za "nilikaribia", kisha kinasahau zile 729.

Na kama una mzee wa Mbulu, Haydom au Katesh anayeikumbuka Bahati Nasibu ya Taifa ya miaka ile, muulize alinunua tiketi wapi, alizijuaje namba, na alisubiri siku ngapi. Muulize pia kama alikuwa na kitu ambacho hakukubali kukiuza ili anunue tiketi. Majibu hayo hayajaandikwa vya kutosha, na wanaoyajua hawapungui umri.